Jicho la Kushoto la Wambui

Alhamisi, 15 Januari

Bibi harusi wa asubuhi alilia kabla sijamaliza kope za pili. Nikafuta, nikaanza upya. Akalia tena. Nikamwambia alie yote sasa tumalizane, kwa sababu maskara haina huruma. Akacheka. Nikapata nafasi ya kufanya kazi.

Upepo wa Januari umeanza. Vumbi kila mahali, hata ndani ya droo iliyofungwa. Mfereji umekauka tangu Jumatatu. Natumia maji ya jerikeni, na Atieno ananikazia macho kila nikichota. Tumepanga chumba hiki cha saluni pamoja miaka kumi na moja, yeye nywele, mimi uso, na bado tunagombania jerikeni.

Wambui amepiga simu kutoka Njoro. Anakuja Jumamosi nimjaribishie mekapu ya harusi. Wiki tatu zimebaki. Nimepamba mabinti wa watu miaka ishirini na miwili nikiingoja siku ya wangu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia aje mapema.

Ana masharti. Atavaa lenzi, hataki miwani siku hiyo. Kwa hiyo lenzi ziingie kwanza, mekapu baadaye. Nisipake wanja kwenye ukingo wa ndani wa jicho, nipake nje ya kope. Maskara iwe mpya. Poda ya kumetameta asiione karibu na macho yake. Na ninawe mikono kwa sabuni. Mimi! Anapima maziwa kwenye maabara huko Njoro, basi siku hizi kila mtu kwake ni ndoo chafu mpaka ithibitishwe kuwa safi.

Nimeudhika. Maskara mpya nimenunua, lakini nimeudhika.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeosha brashi zote. Atieno akaniuliza kama mkaguzi anakuja. Nikamwambia ndiyo, nilimzaa mwenyewe.

Jumamosi, 17 Januari

Alikuwa mzuri. Niandike hilo kwanza.

Alifika saa tatu na miwani yake. Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akakausha, akatia lenzi, moja, mbili, bila kioo. Akanigeukia. Bado sijazoea. Tangu darasa la tatu nimemwona kupitia vioo vinene, na watoto wakimwita Macho Nne njia nzima kutoka shuleni. Sasa hivi macho yenyewe, makubwa, yananitazama. Nilijifanya natafuta sifongo.

Nilifuata masharti yake yote. Karibu yote. Mwishoni niliona ukingo wa ndani uko mtupu, jicho halijakolea. Nikapitisha wanja kidogo tu, jicho la kushoto. Mkono ulienda wenyewe. Akaruka.

“Mum! Si nilikuambia usiweke ndani?”

Chembe ya wanja ilikuwa imeingia chini ya lenzi. Machozi shrr. Akaitoa lenzi, ikamponyoka, ikaangukia meza yangu, katikati ya poda na vumbi. Jicho la kushoto bila lenzi halioni hata vidole vyake, na la kulia alikuwa amelifumba kwa maumivu. Akasema nimwoshee kwa dawa ya lenzi iliyo kwenye mkoba. Nikakitafuta kichupa. Kilikuwa kitupu, tone moja limeganda chini. Maji ya jerikeni amekataza. Maji yoyote amekataza, hata yaliyochemshwa.

Mate si maji. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na wakati ule niliona nimewaza vizuri. Nikaitia lenzi mdomoni, nikaisugua kwa ulimi taratibu, nikaitoa inang'aa. Alipokuwa mdogo kule Subukia, wakati wa kupura mahindi, makapi yakimwingia jichoni niliyatoa hivyo hivyo, kwa ulimi. Mama zetu walitufanyia sisi. Mtoto anatulia, jicho linatulia.

“Iko safi?” akauliza.

Nikamwambia iko safi. Akaivaa.

Hakuuliza zaidi, nami sikusema zaidi. Atieno akaja na shela, tukampiga picha. Nimeziangalia picha hizo tangu mchana. Hakuna kioo kinachometameta mbele ya uso. Ni yeye tu.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani nilimwonyesha picha kila aliyesimama karibu. Mchungaji pia.

Jumatatu, 19 Januari

Wambui anasema jicho la kushoto linawasha. Ametoa lenzi, amerudi kwenye miwani. Nikamwambia ni vumbi la Nakuru. Nilisema haraka kuliko nilivyotaka.

Jumanne, 20 Januari

Si vumbi. Jicho limekuwa jekundu, linauma, linakimbia mwangaza. Kazini alifunga mapazia ya maabara na wenzake wakamcheka, kisha wakaacha kucheka. Nikamwambia akande na majani ya chai. Akasema, “Mum, usiniambie vitu vya chai.” Sauti yake haikuwa ya kugombana. Ilikuwa ya mtu anayeumwa.

Kibet, mchumba wake, ameondoka Mau Narok na pikapu ya baba yake kwenda kumchukua. Wanalala hapa kwangu. Naogopa.

Jumatano, 21 Januari

Kliniki ya macho. Tulifika kabla ya geti kufunguliwa. Daktari ni msichana mdogo, mtaratibu, kucha fupi. Alimtia Wambui dawa ya rangi ya manjano jichoni, akachungulia na mashine muda mrefu bila kusema kitu. Nachukia watu wanaochungulia bila kusema kitu.

Kuna kidonda. Kwenye kioo cha jicho, mbele kabisa, pale mwanga unapoingilia. Kidogo kama nukta ya kalamu. Akasema kidonda cha hapo si mchezo. Kikipona vibaya kinaacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati mtu haoni vizuri tena, hata kwa miwani.

Kisha akauliza maswali. Ulilala na lenzi? Hapana. Uliogea nazo? Hapana. Uliziosha kwa maji ya mfereji? Hapana. Ya kunywa? Hapana. Ulizilamba, au ziliguswa na mate? Wambui akacheka kidogo, pamoja na maumivu yote. “Hapana, daktari. Mimi nafanya kazi ya maabara.”

Alijibu kama mwanafunzi aliyesoma. Kila jibu lilikuwa kweli, kwa kadiri anavyojua yeye.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni nimeshika mkoba wake. Nikaangalia viatu vyangu. Nikasoma jina la kampuni kwenye kalenda ya ukutani.

Dawa ya matone kila saa. Turudi Ijumaa.

Alhamisi, 22 Januari

Sikufungua saluni. Kazi yangu ni matone. Analaza kichwa kwenye paja langu, namfungua kope kwa kidole, natia tone moja, anafumba. Kila saa. Na kila saa anasema, “Asante, Mum.” Ningependa anitukane.

Harusi haiongelewi. Kadi zimeshapelekwa mpaka Mau Narok. Ng'ombe wa watu wameshahesabiwa.

Mchana nilimpigia Baba Wambui. Yuko Subukia kwenye kahawa, atashuka wiki ijayo. Nikamwambia yote, wanja, meza, mdomo. Akasema, “Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi ni daktari?” Akaongeza, kwa upole, kwamba kesho ni Ijumaa.

Najua kesho ni Ijumaa.

Ijumaa, 23 Januari

Nimesema.

Daktari alichungulia, akachungulia tena. Nukta imekuwa kubwa. Imekuwa nyeupe na kingo zake zimefifia, kama tone la maziwa juu ya karatasi. Akasema dawa haishiki alivyotarajia. Akafungua faili, akarudi kwenye maswali yake yale yale, pole pole. Alisema dawa inategemea wadudu wametoka wapi. Wa maji wana dawa yao, wa vipodozi yao, wa mdomoni yao. Asipojua anabahatisha, na jicho halina siku nyingi za kubahatishiwa.

Wambui akaanza tena, hapana, hapana.

Nikasema, “Ni mimi.”

Wote wawili wakageuka. Nikasimama, sijui kwa nini, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikasema nilipaka wanja ndani ya jicho baada ya kukatazwa. Nikasema lenzi ilianguka kwenye vumbi, kichupa kilikuwa kitupu, nikaiosha kwa mdomo. Nikasema aliniuliza kama ni safi, nikamwambia ni safi. Nikasema Jumatano nilikuwa nimekaa pale pale nikasikia swali.

Daktari hakunigombeza. Aliandika. Akaniuliza kama nina jino bovu. Ninalo. Akaandika hilo pia. Alikwangua kidogo kwenye kidonda kwa kisindano, Wambui kashikilia mkono wa kiti, wakapeleka kupima. Akabadilisha dawa, akaongeza ya pili. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimesaidia. Mama, umesaidia. Sikujua niweke wapi neno hilo.

Nje Wambui akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Akavua miwani, akafuta, akavaa.

“Kwa mdomo, Mum? Contacts zangu?”

Nikasema ndiyo.

“Hata ndoo ya maziwa hatuilambi.”

Kilikuwa kitu cha kuchekesha na hakuna aliyecheka. Kisha akasema kile kilichonikata. Lenzi angeweza kunisamehe, kwa sababu sikujua ubaya wake. Lakini Jumatano nilijua. “Ulikaa hapo ukaniangalia nikijibu.”

Kibet alitufungulia mlango wa pikapu. Aliona nyuso zetu, akawasha redio, akaizima.

Jumamosi, 24 Januari

Anajitilia dawa mwenyewe. Amefunga mlango. Nasikia saa ya simu yake ikilia, nasikia kiti kikisogea. Tone linamkosa, linateremka shavuni, anajaribu tena. Nilisimama nje ya mlango na taulo safi. Nikaiweka kwenye kitasa, nikaondoka.

Jumapili, 25 Januari

Sikwenda kanisani. Kuna watu niliowaonyesha picha.

Taulo ilichukuliwa.

Jumatatu, 26 Januari

Haijakua. Daktari alisema neno hilo moja kuhusu ile nukta kabla hata hajakaa vizuri. Vipimo vimerudi, ni wadudu wa mdomoni kweli, na dawa mpya inawaweza. Wambui alitoa pumzi aliyokuwa ameibana tangu Ijumaa. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje. Sikuitwa ndani. Kibet ndiye aliyetoka kuniambia yote hayo.

Nililia pale kwenye benchi mbele ya wagonjwa wote, na mzee mmoja mwenye bandeji akanipa leso yake.

Jumanne, 27 Januari

Nimefungua saluni, lakini si kwa wateja. Nimemwaga droo zote juu ya kitambaa.

Maskara tisa. Moja ilikuwa na umri wa mtoto wa chekechea. Wanja kumi na nne, ncha zote nimewahi kuzilainisha kwa ulimi, kwa sababu mama aliyenifundisha kazi alifanya hivyo na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote Nakuru. Gundi ya kope iliyoganda shingoni. Sifongo ambazo nisingeoshea hata sufuria. Nimekuwa nikibeba uchafu wa jicho la huyu kumpelekea yule, miaka ishirini na miwili, na nikipewa asante.

Nilitupa. Atieno alisimama mlangoni na kitana mkononi, hakusema utani wowote. Baadaye alikuja na jerikeni yake mwenyewe, imejaa, akaiweka karibu na beseni langu.

Alhamisi, 29 Januari

Kibet ameleta magunia mawili ya viazi kutoka kwao. “Mama, hizi waru ni za harusi, usianze kuzikula.” Ni njia yake ya kuniambia harusi ipo. Wazee wa kwao walikuwa wameuliza kama isogezwe. Wambui alikataa.

Tulimenya vitunguu pamoja, mimi na Kibet, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Aliniambia mwaka jana Wambui alipoanza kuvaa lenzi, yeye Kibet alimpita kwenye geti la kiwanda cha maziwa bila kumtambua, na Wambui akamnunia siku mbili. Nikacheka. Halafu nikamuuliza kama ananichukia. Akamenya kitunguu kizima kabla ya kujibu. Akasema mama yake yeye pia alimtoa takataka jichoni kwa ulimi. Akasema, “Lakini Mama, ungesema ile Jumatano.”

Ndiyo.

Jumamosi, 31 Januari

Jicho limetulia kiasi cha kutembea nje na kofia. Matone sasa ni kila baada ya saa mbili.

Saa nne asubuhi Wambui aliingia saluni bila kuniambia anakuja. Miwani, kofia ya baba yake, kitambaa shingoni. Hakunisalimu kwa mkono. Akavuta kiti, akaomba kuona.

Nikamfungulia droo. Ilikuwa karibu tupu. Akainua brashi moja moja, akanusa, akazipeleka dirishani. Nimewahi kumwona akifanya hivyo na chupa za maziwa. Aliniuliza nazikausha vipi. Nikasema kwenye kikombe, zimesimama. Akasema zilazwe, maji yasiingie kwenye shina na kuozea huko. Nikasema sawa. Akaniuliza mteja mwenye lenzi akija nafanyaje.

Nikamjibu. Nanawa, nakausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Namuuliza kama ana lenzi, kabla ya kitu chochote, kwa sababu wengi hawasemi. Anazitia kwanza yeye mwenyewe. Natumia rangi ya krimu kwenye kope badala ya unga, unga unapukutika. Nikipuliza kitu chochote usoni, anafumba. Wanja nje tu. Kijiti cha maskara ni cha yeye pekee, akitoka kinatupwa. Na akirudi kwake atoe lenzi kwanza ndipo afute mekapu, ili mafuta yasishike kwenye lenzi. Jicho likiwa jekundu, simgusi.

“Na lenzi ikianguka?”

Nikasema ikianguka na dawa yake haipo, haivaliwi tena. Avae miwani. Hata kama picha zinangoja.

Nilidhani atasema kitu kikubwa. Akasema kikombe cha brashi kina ufa, nitafute kingine.

Alipokuwa akitoka, akashika mlango, akaniambia bila kunitazama kwamba Atieno amempatia msichana mwingine wa kumpaka siku ya harusi. Dada mmoja anafanyia kazi upande wa Njoro. “Ni uso tu, Mum. Macho hayataguswa, daktari amekataa.”

Nikasema ni sawa. Nikasema hata huyo anajulikana kuwa mzuri. Ni kweli, nimewahi kuiona kazi yake.

Kisha nikaosha beseni lililokuwa safi.

Jumapili, 1 Februari

Inauma. Sitaandika zaidi.

Jumatano, 4 Februari

Leo kliniki Wambui aliniruhusu kuingia kwa daktari. Hakusema karibu, alisogeza mkoba wake tu kwenye kiti nikakaa.

Kidonda kinafunga. Kovu litabaki, dogo, lakini limekaa pembeni, chini kidogo ya katikati. Ataona. Daktari alimsomesha herufi ukutani kwa jicho la kushoto peke yake, na miwani, na akafika mstari wa pili kutoka chini kabla ya kukwama. Mimi nilikuwa nasoma pamoja naye bila sauti.

Lakini lenzi hapana, miezi mingi, labda hata baadaye iwe kwa uangalifu mkubwa. Mekapu ya macho hapana mpaka atakapoambiwa. Matone yaendelee mara nne kwa siku, hata siku ya harusi, bila kuruka.

Alilia kwenye pikapu. Alisema alitaka siku moja tu. Siku moja watu wamwone yeye, wasione miwani. Kibet aliendesha pole pole.

Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Nilimwambia picha zote za utotoni nilikuwa namvua miwani. Ubatizo, Krismasi, kufunga shule. Namwambia simama hapo, namvua, anasimama haoni mpiga picha yuko wapi, ndiyo maana kila picha anaangalia pembeni. Sikuwa namwonea huruma. Nilikuwa naona haya. Nilitaka mtoto mwenye macho kama ya mabinti niliokuwa nawapamba. Nilimfundisha mimi kwamba macho yake hayafai kuonekana hivyo, halafu nikashangaa alipotaka lenzi.

Wambui aliniangalia muda mrefu kwa yale macho mawili, moja bado jekundu ukingoni.

“Nilidhani ni mwanga wa picha ndio mbaya,” akasema.

Hakunishika mkono wala hakuuondoa wake ulipogusana na wangu kwenye kona ya barabara.

Ijumaa, 6 Februari

Nyumba imejaa shangazi. Baba Wambui ameshuka na mbuzi na koti lake la zamani. Viazi vimemenywa. Nimesimama kutwa nzima na nimepiga kelele kwa watu wasio na hatia.

Usiniulize kama niko sawa. Namwambia nani? Hakuna anayesoma hapa.

Jumapili, 8 Februari

Kimya. Wameenda. Baba Wambui analala na viatu. Nimepata meza ya kuandikia chini ya sahani za watu.

Jana msichana wa Njoro alifika saa kumi na mbili asubuhi. Ana vifaa safi, kila kitu kwenye mfuko wake wa nailoni. Nilimwonyesha chumba, nikamtilia chai, nikatoka. Kiti nilikiweka kwenye korido, mbali kidogo, ili wasinione nikisikiliza. Kulikuwa na vicheko ndani. Nilifurahi kwamba kulikuwa na vicheko. Nilimwonea wivu yule msichana.

Saa mbili simu ya Wambui ikalia. Matone.

Nikasikia kiti. Nikasikia msichana akisema, ngoja dada, hapa nimemaliza, likimwagika linachora mstari mpaka kidevuni, na gauni nalo. Akasema yeye kwa macho ya mgonjwa anaogopa, mkono wake utatetemeka. Shangazi mmoja akajitolea. Mwingine akasema liache, litatiwa baada ya kanisa. Wambui akasema haliachwi.

Kisha, “Mum yuko wapi?”

Nilikuwa nimeshasimama. Lakini sikuingia. Nilienda jikoni kwanza, nikanawa kwa sabuni, mikono yote miwili, kati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye viwiko. Mfereji siku hiyo ulikuwa na maji. Alisikia maji yakimwagika, najua, kwa sababu niliporudi alikuwa bado anangoja, hakuna aliyekuwa amekaribia.

Alikuwa amevaa gauni. Uso ulikuwa umepakwa vizuri kweli. Macho yalikuwa matupu, hayana kitu, kope zake mwenyewe tu, na miwani alikuwa ameishika mapajani. Akanipa kichupa. Akaegemeza kichwa nyuma kwenye kiti, akalifungua jicho la kushoto kadiri linavyoweza kufunguka.

Kovu nililiona. Dogo, la kijivu. Sijawahi kulitazama kwa karibu namna hiyo.

Nikamvuta kope ya chini kwa kidole kimoja. Nikatia tone. Liliingia lote, hakuna hata unyevu uliogusa poda.

Akafumba. Daktari alisema akae amefumba kwa dakika moja, basi nikasimama hapo nikihesabu kimoyomoyo. Nilipofika ishirini alinyoosha mkono akatafuta wangu bila kufungua macho, akaushika kifundoni. Nikaendelea kuhesabu mpaka sitini, halafu nikaendelea tena.